Surat na Funguo Zake Mbili: Mazungumzo Kuhusu Mji wa Mto Tapi

Wazee wangu, mama zangu, ndugu watendaji wa kata, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo.

Nimeombwa nichague mji mmoja wa ng'ambo wenye mto, bandari na wilaya yake, nieleze umetawaliwaje tangu zamani hadi leo. Wengi mlidhani nitachukua Mumbai. Nimechukua Surat, huko Gujarat, magharibi ya India, na sababu yangu ni ya kikazi. Nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi, nikihesabu mitaro na panya. Mwezi wa Septemba 1994 redio zote zilitaja Surat usiku na mchana, na si kwa wema. Tangu hapo nimekuwa nikiusoma mji huo kama mtu anayesoma faili la mgonjwa aliyepona bila yeye kutarajia.

Surat si mgeni sana kinywani mwetu. Ukienda benki na hundi, ukikata bima, ukisema fulani ana laki tano, unatumia maneno yaliyovuka bahari kutoka India. Surat ulikuwa miongoni mwa miji ambamo maneno hayo yalifanya kazi kutwa kucha. Hundi ya Surat ilikubalika Agra, ndani kabisa ya India, na ilikubalika Mokha, huko Yemeni. Ofisi yao ya ushuru pale mtoni waliiita furza, nasi tunasema forodha. Wote tulilichukua kwa Waarabu. Bandari tuliichukua kwa Waajemi, na wao vilevile. Pembe za ndovu za pwani yetu zilipelekwa Gujarat, na nguo za Gujarat zikaja huku, karne kwa karne.

Sasa tuuone mto wenyewe. Mito mingi mikubwa ya India huelekea mashariki. Tapi ni mmoja wa ile michache inayokwenda magharibi. Huanzia Multai, katikati ya India, ukatiririka kilomita 724 hivi mpaka Ghuba ya Khambhat. Wahindu wa Surat humwita mama, binti wa Jua, na kila mwaka huadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Watu huingia kwenye mashua na kumvisha mto kitambaa kirefu cha sari kutoka ukingo huu hadi ule. Mimi nimekagua mito mingi katika kazi yangu, na sijawahi kuona hata mmoja unaovishwa nguo. Yetu tunaitupia nguo mbovu.

Surat uko kilomita ishirini na kitu kutoka baharini, ukingo wa kusini. Ng'ambo yake upo Rander, mji mkongwe kuliko Surat wenyewe, uliokaliwa na wafanyabiashara Waislamu waliosafiri hadi Malaka. Wareno walipoingia bahari ile walifanya kule walichofanya Kilwa na Mombasa. Waliuchoma Surat mwaka 1512, wakarudi 1530 wakauchoma pamoja na Rander. Rander haukuinuka tena sawasawa. Surat ukainuka kwa sababu sultani wa Gujarat aliamrisha ngome ijengwe mtoni, akampa kazi hiyo afisa wake aliyeitwa Safi Agha, mwenye cheo cha Khudawand Khan. Ngome ilikamilika kama mwaka 1546. Mawe yaliunganishwa kwa vyuma, na nyufa zikajazwa risasi iliyoyeyushwa. Ngome hiyo bado imesimama pale Chowk, mtoni kabisa, na siku hizi ni jumba la makumbusho.

Mwaka 1573 Mfalme Akbar wa Mughal, dola iliyotawala kaskazini ya India, aliuzingira Surat kwa wiki sita na zaidi, akauchukua. Hapa ndipo kisa changu kinapoanzia, kwa sababu Wamughal waliweka utaratibu wa kiutawala ambao ukiuelewa, umeielewa Surat yote.

Waliweka wakubwa wawili. Mmoja aliitwa mutasaddi, gavana wa bandari. Huyu alishika forodha, masoko, kodi na wafanyabiashara. Wa pili aliitwa qiladar, mkuu wa ngome. Huyu alishika mizinga na lango la mtoni, na hakuwa chini ya mwenzake. Kila mmoja aliteuliwa na mfalme mwenyewe na kila mmoja aliandika barua zake mwenyewe kwenda makao makuu. Chini yao walikuwako kadhi, na kotwal aliyeshika polisi wa mji na doria za usiku. Bandari yenye utajiri namna ile, mbali na makao makuu, ni kishawishi. Mtu mmoja akishika fedha na mizinga pamoja, asubuhi moja ataamka amekuwa sultani. Basi fedha zikawekwa upande huu na mizinga upande ule. Funguo mbili, mikono miwili.

Kwa mfalme aliyekaa Agra ulikuwa mpango mzuri sana. Swali ni kama ulikuwa mzuri kwa mtu wa Surat. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hawakusema nini hutokea pale kila nahodha anapokuwa na ruhusa ya kusema usukani uko kwa mwenzake.

Kwa miaka tisini hivi hakuna aliyeliuliza swali hilo, kwa sababu pesa zilikuwa zinaingia. Surat ukawa bandari kuu ya dola ya Mughal, na mlango wa Makka. Mahujaji kutoka kila pembe ya India walipandia hapo kwenda Jeddah. Mwaka 1644, enzi ya Shah Jahan, ikajengwa musafirkhana kubwa ya mahujaji na wasafiri, Mughalsarai, yenye ua katikati na vyumba pande zote. Likumbukeni jengo hilo, tutalirudia. Waingereza walitia nanga mwaka 1608, wakapata ruhusa ya kufungua nyumba ya biashara mwaka 1613 baada ya kupigana na Wareno nje kidogo ya mlango wa mto, mahali paitwapo Suvali. Waholanzi wakafuata 1616, Wafaransa 1668. Lakini msidanganywe na picha za Wazungu. Katika Surat ya wakati ule Wazungu walikuwa wapangaji. Tajiri wa mji alikuwa Virji Vora, na Waingereza walikuwa wakimkopa yeye. Baadaye alikuja Abdul Ghafur, Bohora aliyefariki 1718 akiwa na kundi lake la merikebu.

Mto wenyewe ulikuwa na kasoro. Mchanga ulijaa mlangoni, merikebu kubwa zikashindwa kupanda hadi mjini. Zilitia nanga Suvali, na shehena ikapakuliwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe na mashua ndogo. Kila mfuko ulishikwa mara tatu, na kila aliyeushika alidai chake. Hilo nalo mnalijua.

Twende Januari 1664. Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, watu wa Maharashtra ya leo, akiwa vitani na Wamughal, alifika nje ya Surat na maelfu ya wapanda farasi. Mji tajiri kuliko yote ya pwani ile ulikuwa umezungukwa na ukuta wa udongo, tena uliobomoka. Gavana aliitwa Inayat Khan. Alikuwa akipokea kutoka hazina mishahara ya askari 500, na askari wenyewe hawakuwapo. Sisi tumekuja kugundua wafanyakazi hewa juzijuzi, tukadhani ni uvumbuzi wetu. Inayat Khan alikuwa na kikosi kizima cha hewa miaka mia tatu na sitini iliyopita.

Gavana alifanya nini? Alikimbilia ndani ya ngome, kwenye ule ufunguo wa pili, akafunga lango. Wenye pesa waliotoa kitu kidogo nao wakaingizwa. Watu wengine wakabaki. Kwa siku nne Wamaratha walichimba sakafu za nyumba za matajiri, nyumba ya Virji Vora ikiwamo, na kuchoma mitaa. Mizinga ya ngome ilifyatuliwa, lakini ilidhuru zaidi mji wenyewe kuliko adui. Gavana akatuma kijana aliyejifanya mjumbe wa amani, naye akamrukia Shivaji na jambia; akashindwa. Waingereza na Waholanzi walijifungia katika nyumba zao na bunduki, wakaokoka, na walipotoka gavana aliwapongeza. Wenyeji walipomwona gavana huyo anatoka ngomeni walimzomea na kumrushia matope.

Mfalme Aurangzeb aliwasamehe wafanyabiashara ushuru wa mwaka mmoja, na ukajengwa ukuta wa matofali. Oktoba 1670 Shivaji alirudi, akachukua tena. Ukuta mpya haukuwa na watu wa kutosha juu yake. Mimi nimewahi kuona dampo jipya likizinduliwa bila gari hata moja la kubeba taka, kwa hiyo sikushangaa niliposoma.

Sasa ingieni nami karne ya kumi na nane, ambapo funguo zilizidi mbili. Dola ya Mughal ikadhoofika, na mwaka 1733 gavana Tegh Bakht Khan akajitawalia, akaanza ukoo wa manawabu, watawala wa kurithishana. Wamaratha wakadai robo ya mapato, waliyoiita chauth, na wakawa na mtu wao wa kuipokea. Ngome nayo ikaangukia mikononi mwa Masidi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu Masidi ni watu wenye asili ya Afrika. Walipelekwa India kama watumwa, askari na mabaharia kutoka Habasha na pwani za mashariki ya Afrika, na baadhi yao wakapanda hadi utawala. Masidi wa kisiwa cha Janjira, kusini ya Mumbai, walikuwa na jeshi la majini lililowashinda nguvu Wamaratha, na Aurangzeb aliwafanya walinzi wa merikebu zake, wakilipwa kutoka mapato ya Surat. Kazi ilikuwa ya kweli. Mwaka 1695 haramia wa Kiingereza Henry Every aliiteka merikebu ya mfalme, Ganj-i-Sawai, iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji, na balaa la siku ile liliwapeleka gerezani Waingereza wote wa Surat. Basi katikati ya karne ya kumi na nane ukifika mbele ya ngome ya Surat, mkubwa wa ngome alikuwa Sidi. Watoto wetu wanapofundishwa habari za Waafrika na Bahari ya Hindi, hadithi huishia utumwani. Hiyo ni nusu ya hadithi.

Mwaka 1759 Kampuni ya Waingereza, ile yenye nyumba ya biashara mjini, ikamtoa Sidi ngomeni kwa mizinga, ikachukua cheo chake na malipo yake. Haikujiita mtawala. Ilijiita qiladar, mtumishi wa mfalme wa Delhi! Juu ya ngome zikapepea bendera mbili, ya Mughal kwenye buruji moja na ya Waingereza kwenye nyingine. Nawabu akabaki mjini na kodi, mahakama na lawama. Kampuni ikabaki ngomeni na mizinga. Kwa miaka arobaini mtu wa Surat aliyeibiwa alisukumwa huku na huku: nawabu akisema sina nguvu, Kampuni ikisema si kazi yangu. Wamaratha wao hawakusema kitu, walikuja tu siku ya mgawo. Mwaka 1800 Kampuni ikamaliza mchezo, ikachukua utawala wote na kumpa nawabu pensheni. Cheo hicho nacho kilikoma mwaka 1842.

Mngetarajia funguo zilipoingia mkono mmoja mji ungefufuka. Wapi! Biashara ilikwisha kuhamia Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, kwenye bandari ya kina kirefu isiyojaa mchanga. Kampuni yenyewe ilihamisha makao yake huko tangu 1687. Mkono mmoja ulioshika funguo zote ulikuwa mbali. Aprili 1837 moto ulianza katika nyumba moja, upepo ukaubeba, na kwa siku mbili tatu ukala zaidi ya nyumba 9,000. Mwaka uleule Tapi ukafurika juu ya majivu. Miaka kumi baadaye watu wa mji walikuwa wamebaki kama 80,000. Mabohora, Waparsi na Mabaniani wenye uwezo walishakwenda Bombay.

Waliobaki hawakuwa wanyonge. Mwaka 1844 serikali ilipandisha ushuru wa chumvi maradufu, kutoka nusu rupia kwa kipimo hadi rupia moja. Surat ukafunga maduka na umati ukaenda ofisini kwa wakubwa. Serikali ikapunguza. Mwaka 1848 wakaletewa mizani na vipimo vya Bengal. Wakafunga maduka tena, na mizani ikarudishwa ilikotoka. Nawaambieni, kufunga duka ni silaha kongwe sana ya Mgujarati. Hahitaji kurusha jiwe.

Manispaa ilianzishwa 1852, miongoni mwa za mwanzo katika upande ule wa India. Miaka ya 1860 alikuja Theodore Hope, mkuu wa wilaya aliyekuwa pia mwenyekiti wa manispaa, mtu wa kupima barabara kwa miguu yake. Daraja la kwanza la chuma juu ya Tapi, lililofunguliwa 1877, lilipewa jina lake. Na ofisi za manispaa ziliwekwa wapi? Mughalsarai. Ile musafirkhana ya mahujaji ya 1644. Hadi leo makao makuu ya jiji la Surat yamo humo. Mwananchi mwenye bili ya maji iliyokosewa anapita katika lango lilelile alilopita hujaji mwenye mkeka kwapani akisubiri merikebu ya Jeddah. Muda wa kusubiri sijui kama umepungua.

Tuache mji tuingie wilayani. Mkuu wa wilaya nchini India huitwa kolekta, yaani mkusanyaji, na jina linakwambia Waingereza walimweka kwa kazi gani. Wilaya imegawanywa katika taluka, mithili ya tarafa zetu. Kila taluka ina mamlatdar, na kijijini yuko talati, karani anayeshika daftari la mashamba. Ukitaka kumjua mtu mwenye nguvu India usimtafute waziri, mtafute talati mwenye daftari. Surat ina taluka kama Olpad, Kamrej, Mandvi, Bardoli, na Choryasi, jina lenye maana ya themanini na nne, kwa hesabu ya vijiji vyake vya zamani. Tangu uhuru wilaya imekatwa mara mbili: Valsad ikatolewa 1964, na vilima vya mashariki wanakoishi Waadivasi, makabila ya wenyeji wa asili, vikawa wilaya ya Tapi tarehe 2 Oktoba 2007. Mkono wa pili uko pia: halmashauri ya wilaya, yenye wajumbe waliochaguliwa na mkurugenzi wake, ikishika shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini, huku kolekta akishika ardhi, kodi na maafa.

Lakini taluka iliyoipa wilaya hii jina duniani ni Bardoli. Mwaka 1927 serikali ya Bombay ilipandisha kodi ya ardhi kwa asilimia 22. Mwaka 1928 wakulima wa vijiji 137 wakamwita mwanasheria kutoka Ahmedabad, Vallabhbhai Patel, wakaapa kutolipa hata senti. Serikali ikaanza kukamata mashamba na mifugo. Vijiji vikaweka walinzi juu ya miti. Afisa akionekana, ngoma inalia, milango inafungwa, kijiji kinakuwa kama makaburi. Nyati wa maziwa walifungiwa ndani na wenyewe kwa miezi, gizani, hadi ngozi zikapauka, watu wakawa wanatania kwamba nyati wa Bardoli wamekuwa wanawake wa Kizungu. Matalati na wazee wa vijiji wakajiuzulu, na hapo serikali ikapofuka, maana daftari bila mwenye daftari ni karatasi tu. Agosti serikali ilikubali kufanya uchunguzi. Maofisa wake wawili, Broomfield na Maxwell, wakapita kijiji kwa kijiji, wakakuta hesabu ya awali haikufanywa shambani. Wakashusha ongezeko hadi asilimia 6.03. Wanawake wa Bardoli walimwita Patel "Sardar", yaani kiongozi, na jina hilo halikumtoka tena.

Angalieni kosa lilikuwa nini. Afisa aliyekadiria kodi ya mwanzo alikadiria mezani. Mimi nimefanya kazi na watu wa namna hiyo. Walikuwa wakijaza fomu za ukaguzi wa vyoo wakiwa wamekaa hotelini, kikombe cha chai mkononi.

Haya, tufike kwenye faili la mgonjwa wangu.

Baada ya uhuru Surat ulijaa viwanda vya nguo na karakana za kukata almasi. Leo almasi nyingi mno za dunia hukatwa humo, takribani tisa katika kila kumi kwa idadi ya vipande. Watu walimiminika kutoka Saurashtra, Odisha, Uttar Pradesh. Mwaka 1966 manispaa ikawa jiji. Sheria inayoliongoza ni ya 1949, na ndani yake mtakuta, hamtashangaa sasa, funguo mbili. Kuna meya na madiwani waliochaguliwa na wananchi. Na kuna kamishna wa jiji, mtumishi wa serikali ya jimbo, mwenye mamlaka yote ya utendaji. Meya ana mkufu na joho. Kamishna ana magari ya taka.

Kufikia 1994 magari yale hayakuwa yakionekana. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, mitaa ya mabondeni ikafurika, mizoga ikaoza, taka zikalala. Mwezi wa Septemba watu wakaanza kufa mtaa wa Ved Road, na neno likatoka: tauni ya mapafu. Ndani ya siku chache laki kadhaa za watu walikuwa wamepanda treni na malori wakikimbia. Madaktari wengi wa binafsi walifunga zahanati wakakimbia pamoja nao. Nchi zikasimamisha ndege za India. Waliofariki Surat walikuwa hamsini na kitu. Hofu iliua biashara ya nchi nzima kwa maradhi ambayo vidonge vya tetrasaiklini vinayatibu.

Mei 1995 akaletwa kamishna mpya, S. R. Rao. Nataka kukaa hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu niliyoisoma hadi karatasi zikachanika. Rao hakuleta mitambo ya ajabu, wala wafanyakazi wengi wapya. Aligawa jiji katika kanda sita, kila kanda akampa mkuu mwenye mamlaka kama yake mwenyewe, pamoja na fedha za kuyatumia. Tangu hapo mtaro wa kanda fulani ukiziba, mtu wa kuulizwa alijulikana kwa jina. Hakuna kusema faili liko kwa mwingine. Kila asubuhi maofisa wote walikuwa mitaani, sio ofisini, kisha wakakutana adhuhuri kuelezana walichokiona. Walikuwa na utani wao: kutoka kwenye viyoyozi hadi kwenye kazi za kila siku. Barabara kuu zikafagiliwa usiku. Mabanda ya maskini yakawekewa vyoo na taa. Majengo yaliyovamia barabara yakabomolewa, na walianza na ya wakubwa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko fagio zote, maana maskini hakupata tena sababu ya kusema anaonewa peke yake. Mwaka 1996 Surat ukatajwa mji wa pili kwa usafi India, nyuma ya Chandigarh uliochorwa upya na wasanifu tangu kiwanja.

Mwaka mmoja na nusu! Mimi nilitumia zaidi ya hapo kuomba toroli.

Wapo wanaosema Rao alitumia ubabe, madiwani wakawekwa pembeni. Lina ukweli. Sheria ilimpa nguvu kwa sababu hakuchaguliwa, na kamishna wa namna hiyo akija mbaya, nguvu ni zilezile. Lakini mgao wa kanda ulibaki baada ya yeye kuhamishwa, na mitaa haikurudi ilikokuwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo.

Basi jiji likapata mwenye ufunguo wa taka. Ufunguo wa maji ukabaki kwingine.

Kilomita kama mia moja juu ya Surat liko bwawa la Ukai, lililokamilika 1972. Linamwagilia mashamba ya miwa, linatoa umeme, na lilijengwa pia kuzuia mafuriko ya Surat. Kazi hizo hazielewani. Mkulima na mtu wa umeme wanataka bwawa lijae; mtu wa Surat anataka nafasi ibaki wazi kwa ajili ya mvua ijayo. Lango lake linashikwa na idara ya umwagiliaji ya jimbo, wala si jiji. Na sehemu kubwa ya ardhi inayoleta maji hayo, karibu sehemu nne kati ya tano, iko jimbo jingine, Maharashtra. Mwanzoni mwa Agosti 2006 bwawa lilikuwa tayari na maji mengi pale mvua kubwa ilipopiga kule juu. Likibaki limefungwa, bwawa linahatarishwa. Likifunguliwa, mji unazama. Likafunguliwa. Tapi ukapita juu ya kingo usiku, na sehemu kubwa ya mji ikakaa majini kwa siku kadhaa, watu wakipitishiwa maziwa na mikate kwa kamba ghorofani. Baadaye yakaja mabishano, nani alichelewa kufungua, nani alishikilia maji. Idara ikaonyesha mvua, jiji likaonyesha idara. Mkivisikiliza vikao vile mngedhani mnamsikia nawabu na qiladar wake.

Mwaka huohuo wa mafuriko, mipaka ya jiji ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba 112 hadi 326, vijiji vya taluka vikageuka kata usiku mmoja, na umepanuliwa tena tangu hapo. Sensa ya 2011 ilikuta watu zaidi ya milioni 4.4 mjini na milioni 6 wilayani. Kwa chakula nisiongee, mtaanza kuangalia saa. Wagujarati wenyewe wana msemo kwamba heri kula Surat na kufia Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu.

Niliwahi kufika Surat mara moja, wakati wa masika yao. Nilisimama ukingoni nyuma ya ngome na mzee mmoja muuza karanga. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, nami nikaona afadhali nimuulize kama anaogopa. Hata hakuutazama. Alichukua gazeti alilokuwa akifungia karanga, akatafuta kona moja ya ukurasa wa mbele, akanionyesha tarakimu. Ilikuwa kimo cha maji ya Ukai siku ile, kwa futi. Bwawa hujaa kwenye futi 345. Akaniambia kwamba kipindi cha mvua jirani zake hawasalimiani kwa kuuliza hali. Huuliza: leo Ukai ngapi?

Kisha akanifungia karanga zangu kwa gazeti lilelile.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama yupo mwenye swali, aulize sasa. Vijana wa mlangoni nimeona bado mmekaa.